Upande B

Tulijua kodi tatu za gita.
Ya nne, ya chumba, ilitushinda,
na mama mwenye nyumba wa Mabatini akatutoa na spika zetu,
akasema afadhali apangishe mashine ya kusaga,
ile ikipiga kelele angalau watu wanapata unga.

Ndipo Milembe akakumbuka kontena.
Liko Mwaloni, Kirumba, nyuma ya wapima dagaa.
Lilikuwa la kugandishia samaki, kompresa ikafa,
zikabaki kuta nene kama za benki.
Ukifunga mlango unasikia damu yako masikioni.
Ukiwasha amplifaya, husikii hata hiyo.
Humo, nyumbani kwa barafu, tulitokwa jasho
mpaka nyuzi zikateleza vidoleni,
na harufu ya sangara wa miaka kumi
ikaingia kwenye mashati, kwenye nywele,
nadhani hata kwenye sauti.

Jina tulilipata hapohapo: Mabondo.
Bondo, alisema Nkwabi, ni lile puto la tumboni,
linaanikwa, linapandishwa ndege,
bei yake inampita samaki mwenyewe,
na hapa mwaloni kila mtu ana hadithi yake
kuhusu wanalifanyia nini huko.
"Basi na sisi. Kitu cha tumboni."
Akachana koni ya spika kwa wembe, taratibu,
kama anayepasua samaki wa mtu mwingine,
na gita lililokuwa na adabu
likaanza kukwaruza.

Mimi siimbi. Napiga besi, nasimama karibu na mlango.
Namwona Milembe akiuma ulimi kabla ya pigo la kwanza.
Namwona Nkwabi akifumba macho kwenye ule mstari
wa kaka yake aliyeshuka shimoni Geita.
Hatumuulizi.
Maneno yenyewe hayasikiki.
Tuliyarekodi hivyohivyo.

Pesa ya kutoa santuri ingetoka wapi?
Baba yangu alikuwa na sanduku.
Kanda mia na arobaini za kwaya yake,
zilizotoka mwaka niliozaliwa. Ziliuzwa sitini.
Themanini zimelala chini ya kitanda chake tangu hapo
zikihama naye, Sengerema, Magu, Igoma,
kama watoto wa ndugu.
"Chukueni," alisema, akiwa anatazama redio.

Usiku kucha tuliziba kwa selotepu
yale matundu mawili mgongoni mwa kanda,
yale yanayokataza kufuta.
Kisha moja baada ya moja, dakika kumi na tisa,
dakika kumi na tisa, dakika kumi na tisa.
Kanda ya thelathini na moja, umeme ukakatika.
Uliporudi tulikuwa tumelala juu ya mabox
na hakuna aliyekumbuka kuirudia.

Tulizindua Jumamosi, juu ya mwamba nyuma ya gereji, Igogo.
Watu ishirini na watatu, wawili wakiwa mafundi wa jenereta.
Tuliuza kumi na moja.
Jumatatu muuza viatu mmoja akanisimamisha:
"Kanda yenu nzuri, ila mnapiga kelele weee,
halafu wanakuja watu wazima kuwanyamazisha."

Hatukuwa tumelifikiria hilo.
Dakika zetu zinaisha, *tak*,
mchakato mwembamba kama mvua ya mbali,
kisha kwaya inaingia katikati ya neno,
"...leluya," soprano juu, na baba yangu kijana
akikohoa karibu sana na maiki.

Nilimkuta uani akisikiliza. Nilidhani ameipeleka mbele
kwa kalamu, kama anavyofanya kuokoa betri.
Hapana. Alianzia mwanzo.
Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.
Tulipokata, kabla wenzake hawajaingia,
mkono wake ulinyanyuka wenyewe, vidole vimeungana,
akaushikilia hewani.

Aliyokuwa nayo ni ile ya thelathini na moja:
wimbo wetu wa tatu unazama, sauti ya Nkwabi inakuwa ya ng'ombe,
na kwaya nzima inatumbukia hapo bila kubisha hodi.
Nikamwambia hiyo mbovu, nitakuletea nyingine.

Mpaka leo hajairudisha.