Wingi wa Shaka

Kanali Ardith Beals hakutusalimu siku ile ya kwanza.
Aliingia na theluji mabegani, akavua glavu,
akaweka mezani jozi ya buti kuukuu,
kamba zimefungwa pamoja kama mikono ya mahabusu,
akauliza: "Nani alizivaa?"

Tulikuwa kumi na wanne, Halifax, mwezi wa Januari,
bandari nje ya dirisha ina rangi ya bati.
Mmoja akasema mtu mzito, kisigino kimelika upande.
Mwingine, mlevi. Mwingine akanusa: fundi wa magari.
Mimi, luteni mgeni kutoka Nanyuki, nikasema mwizi,
maana nilitaka kumfurahisha.
Akayaandika yote ubaoni, kwa mwandiko mzuri,
kisha akayafuta kwa kiganja.
"Ngozi mmeiona," akasema. "Mtu bado."

Alizaliwa North Preston, baba yake mpishi wa melini,
aliyemenya viazi vya vita nzima
asipewe nishani hata ya kisu.
Sheria aliisoma usiku. Mchana alipiga pasi sare za watu;
alisema ukosi wa afisa humsengenya mwenyewe.
Jeshi likamchukua. Likampa nyota, baadaye taji,
likampa Ujerumani miaka mitatu, Kupro miezi sita,
na kesi: mabaharia waliosinzia zamu,
koplo aliyempiga sajini kwa sufuria.
Hiyo alishinda, na akiisimulia alicheka hadi kukohoa.
Hakuolewa. Au aliolewa, kidogo. Hatukuuliza.

Saa sita mchana mzinga hulia kilimani kwenye ngome,
kila siku, na kila siku tulishtuka.
Yeye alinyamaza katikati ya neno,
akasubiri vioo vitulie,
akamalizia silabi iliyobaki.

Siku moja akanishika mlangoni:
"Kwenu mnaliitaje lile linalomwokoa mtu
pale ambapo hatuna hakika?"
"Shaka," nikamwambia.
"Na likiwa zaidi ya moja?"
Nikasita. Mashaka. Lakini mashaka kwetu ni dhiki,
ni kulala na njaa, ni kufukuzwa nyumba mvua ikinyesha.
Akalirudia, ulimi ukijikwaa kwenye *sh*.
Akatazama zile buti.
"Basi shaka moja usilompa mtu mahakamani," akasema,
"ataenda kulipata kwa wingi huko nje."

Jalada nililipata Machi, nikitafuta jambo jingine.
Kuruta Leland Surette, umri miaka ishirini.
Mapipa ya dizeli yameibwa ghalani,
nyayo kwenye theluji, namba tisa.
Mwendesha mashtaka: Kapteni A. Beals.
Hotuba yake kurasa nne, imenyooka
kama kitanda cha siku ya ukaguzi.
Miezi kumi na minane, na kufukuzwa jeshini.
Halafu karatasi nyembamba, ya miaka miwili baadaye:
mlinzi wa ghala amekiri. Naye pia, tisa.
Halafu barua saba za kwake kwenda kwa Surette,
zote zimerudi na muhuri wa Alberta,
hajulikani kwa anwani hii.
Hakuna iliyofunguliwa. Nami sikuzifungua.
Nilirudi darasani na neno langu la Januari
limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Juni akastaafu. Walimpa keki na saa ya ukutani;
brigedia alikosea kulitamka jina lake,
yeye akamsahihisha, taratibu, mara mbili.
Watu walipotawanyika nilibaki kupanga viti.
Buti zilikuwa mezani.
Nikafikiri amezisahau, kisha nikajicheka:
mtu yule hasahau hata kalamu.

Nikaketi. Nje ukungu ulikuwa umeshaimeza ng'ambo.
Nikavua kiatu changu cha kulia,
nikakigeuza soli juu, kwenye mwanga,
nikasoma.