Halina Mkono

Liliingia nyumbani Kibokoni limefungwa gazeti
lenye maandishi yanayoshuka kama mvua,
zawadi ya Bwana Hirose, fundi wa winchi za bandarini,
mpangaji wetu wa ghorofani miezi kumi na minne,
ambaye hakuwahi kuchelewesha kodi
wala kurudisha sahani ya mama ikiwa tupu.

Mama akalifunua, akalipima kwa macho.
"Hili nalo la nini? Kwa kahawa kubwa,
kwa mchuzi dogo. Tena limekwenda upande.
Maskini mtoto wa watu, kauziwa kombo."

Jekundu. Si la pilipili, si la kanga mpya:
jekundu la kaa la mwisho kwenye seredani
jivu likishaanza kulivika.
Ubavuni lina doa la moshi,
na chini, karibu na kitako, rangi haikufika:
alama za vidole vitatu
vya mtu tusiyemjua, aliyelishika likiwa bado bichi.

Siku ya kuaga, alituandalia chai yake.
Unga wa kijani, maji, kifagio cha mianzi,
akapiga mpaka povu likasimama.
Kabla ya kunywa akalizungusha kiganjani, mara mbili, polepole.
Lina uso, alisema, na usoni hapawekwi mdomo.
"Kumbe lina haya," akasema mama.
Akaonja. Akameza kwa adabu.
Mgeni alipoteremka ngazi: "Shubiri na mwani!"

Likakaa kidakani, jirani ya sahani za buluu za bibi,
likala sindano, funguo, risiti za maji,
senti ambazo hata ombaomba hazitaki.
Ramadhani moja lilitiwa tende. Moja tu.

Kisha kiharusi kikamchukua mama upande wa kulia.
Mkono uliokanda mahamri miaka thelathini
ukalala juu ya leso kama wa mtu mwingine.
Tukampa kikombe, ashike kwa wa kushoto.
Akageuza uso ukutani.
"Sijanywa kwa kushoto tangu nipate akili."
Siku tatu, kijiko, kitambaa, na hasira.

Sijui nani alinituma kidakani.
Nilimwaga sindano, nikaosha, nikatia chai ya tangawizi,
nikamwekea mapajani.
Kikombe kina mkono mmoja, chakuomba mmoja.
Hili halina mkono;
lataka yako yote miwili.
Wa kushoto ukabeba. Wa kulia nikauegemeza ubavuni,
penye moto, na vidole vyake vitatu
vikateremka, vikakuta mahali pao.
Alikunywa. Chai ikamwagika kidevuni, tukaiacha.
Ya pili, kabla ya kunywa, akalizungusha kidogo,
akanitazama kwa jicho lililobaki na mzaha:
"Tusilibusu usoni."

Miaka minne hivyo.

Juzi Bwana Zoher wa duka la Ndia Kuu
kalishika kwa mkono mmoja, kalipindua,
katafuta mhuri kwa kioo chake.
Akataja bei. Nikahesabu karo ya Munira, mihula miwili,
na bati la jikoni.
"Ila nyufa hizi za ndani zapunguza."
Si nyufa, nikamwambia, ni chai ya mama:
vimichirizi vya kahawia, vyembamba kama mishipa ya jani,
vilivyoingia kidogo kidogo na kukataa kutoka.
Na tafadhali, lishike kwa miwili.

Akacheka. Akalishika.
Akakaa nalo hivyo kitambo, mzee yule wa mizani,
hata mteja aliyeingia hakumwona.

Sikuliuza siku ile.
Kesho sijui; karo haina haya.
Usiku nililitia maji ya moto, matupu,
nikalifunika viganja.
Likanirudishia iliki.