Bana, Achia

Kopenhagen, vuli ya 1952

Saa nne ya usiku walinikalisha kwenye stuli
wakanipa mfuko wa mpira mweusi.
"Bana, hesabu mbili. Achia, hesabu tatu.
Ukisinzia, atakufa,"
akasema Sista Ragnhild, akaenda kitanda kingine.

Mapafu niliyafaulu mtihani kwa kukariri:
pua huchuja vumbi, huipasha hewa joto na kuilowesha;
koromeo, zoloto, kisha bomba la pete za gegedu,
bomba likagawanyika panda, panda ikazaa panda,
mara ishirini na ushei,
hadi kwenye vifuko visivyoonekana kwa macho.
Nilivichora kwa penseli nyekundu na ya buluu.
Profesa aliusifu mchoro.
Hakusema kwamba una uzito.

Solvej ana miaka kumi na mmoja.
Polio ilimpanda kutoka miguuni wiki iliyopita.
Kiwambo, msuli uliojifunika juu ya ini kama kawa juu ya sinia,
hakishuki tena. Mbavu haziinuki.
Na mapafu, sikulijua hili kwa dhati, hayana msuli wake:
hungoja kuvutwa, kama pazia.

Basi mimi ndiye kiwambo chake.
Mkono wangu wa kulia.

Wamemtoboa shingo chini ya zoloto.
Hewa yangu haimpiti puani, haizigusi nyuzi za sauti,
kwa hiyo hana sauti.
Ana midomo, ana macho.

Bana.
Huko chini, nyuma ya ukuta mwembamba kuliko utando wa kitunguu,
oksijeni inavuka kuingia damuni,
kaboni dayoksaidi inavuka kutoka.
Biashara isiyo na kelele, na duka halifungwi.
Achia.
Kifua kinashuka chenyewe. Kutoa pumzi ni bure;
gharama yote iko kwenye kuvuta.

Saa tisa nilipiga mwayo,
mwayo mrefu, wa kijinga,
na vidole vikasahau.
Sijui ni kwa muda gani.
Nilipotazama, macho yake yalikuwa yamenitoka mbele
na kucha zake zilianza kuwa rangi ya wino.
Nikabana, nikabana, nikabana,
mpaka wekundu uliporudi kidogo kidogo, kama aibu.

Midomo yake ikatamka neno. Sikulielewa. Akarudia,
kwa subira ya mwalimu wa chekechea:
*Hujui kupumua.*

Nikacheka. Yeye hakuweza kucheka,
kicheko kinahitaji hewa kupita juu,
lakini nyusi zake zilicheka.
Tangu hapo akawa ananipimia kwa kope:
akifumba, nibane; akifumbua, niachie.

Saa mbili asubuhi alikuja Holger kunipokea zamu.
Tulipishana mfuko katikati ya pumzi moja,
wala Solvej hakukosa hata tone.

Nje palikuwa na ukungu na baiskeli zilizolowa.
Watu walikwenda kazini na midomo yao ikitoa mvuke,
kila mmoja na wake, bila kufikiri.
Nilikosa njia ya kwenda nyumbani mara mbili.
Mfukoni mwa koti, mkono ulikuwa bado unabana.