Weka Kabla Hujatoa

Mikindani, Jumatatu asubuhi.
Boti ya zahanati imelala juu ya trela
nyuma ya ghala la korosho,
na vijana wanne wamevua mashati
kana kwamba kazi hii ni ya misuli.

Vaeni, nawaambia. Na viatu.
Nangumbi, toa kizibo cha ngama.
Maji yaliyojificha ndani nayo ni mzigo,
lita mia ni kilo mia, tena hayana adabu,
ukiinua omo yanakimbilia tezi.
Injini tuliishusha jana.
Kabari kwenye magurudumu, mbele na nyuma.
Uwanja unauona sawa?
Jicho lako si pimamaji.

Na hapa hatusemi harambee.
Nasema mapema, maana Chilumba ameshafungua kinywa.

Mwaka ule, uwanja huuhuu,
watu kumi na mmoja walisema harambee
kwa jeki moja na matofali ya kuchoma.
Tofali lilitoa sauti ya muhogo mkavu ukivunjwa.
Baba alikuwa chini, anakwangua chaza.
Alitoka,
ila kiganja cha kushoto hakikutoka chote.
Miaka yote iliyobaki alizuia sahani kwa kiwiko
na ole wako umsogezee.

Basi.
Shusha shingo ya trela mpaka iguse mchanga.
Mnaona? Tezi imeinuka yenyewe,
hakuna aliyetoka jasho.
Sasa lete magogo ya mkongo, yale manene,
panga mawili huku, mawili kukatiza,
chini ya pembe za tezi, penye mbavu.
Gonga kwanza. Pasipo na mbavu panavuma kama debe,
penye mbavu panajibu kwa mkato.
Hapo. Gonga tena. Hapohapo.

Pandisha shingo.
Polepole, Chilumba, hufukuzwi na mtu.
Tezi imekaa kwenye mkongo,
springi za trela zinashusha pumzi,
omo inatazama juu kama jogoo anayemeza maji.
Magogo chini ya mkuku, mbele. Kaza kabari.
Shusha shingo tena.

Pengo la vidole viwili
kati ya boti na trela.
Mwanga unapita.
Hakuna anayesema kitu.

Toa kabari za magurudumu. Tunavuta kwa mkono;
lori la chama cha msingi na libaki kwenye magunia yake.
Shibiri moja. Simama. Shibiri nyingine.
Chuma cha kukingama kikifika kwenye gogo,
panga gogo lingine nyuma yake, likaze,
ndipo utoe la mbele.
Weka kabla hujatoa.
Nangumbi anacheka: Hata mahari, fundi Somoe?
Hata mahari. Vuta.

Ekseli imepita. Magurudumu yamepita.
Magunia ya korosho, tumeyajaza mchanga,
yanakaa ubavuni, kushoto na kulia, kama mashangazi msibani.
Trela likiwa tupu linarukaruka kokotoni
utadhani halikuwahi kubeba mtu na uchungu wake
kutoka ng'ambo, usiku, mvua ikinyesha.

Chilumba ameshashika brashi ya waya.
Ngoja chai.

Nimefunga nati kwa uzi, nimeitundika kwenye omo,
chini yake nimeweka kokoto nyeupe.
Nati ikihama, tunaanza upya.
Tunakunywa. Mihogo imepoa, chumvi imezidi.
Wanasimuliana mpira, mimi natazama nati.
Upepo unaitikisa kidogo,
inarudi juu ya kokoto.
Inarudi.

Chilumba anainuka. Namshika mkono.
Aliyetoa amri ndiye anayeingia kwanza:
sheria hii haikuandikwa popote,
niliitunga hospitali ya Ligula, kwenye benchi,
nina miaka kumi na tano.

Chini ya boti kuna baridi na harufu ya mwani unaooza.
Tone moja la ngama linaniangukia shingoni.
Ufa ninauona: urefu wa kijiko, karibu na mkuku.
Unatibika.

Nakiweka kiganja cha kushoto juu ya faiba,
vidole vyote vitano,
nasikiliza.

Haya, nasema. Ingieni.