Siku ya Kuziba Kuta

Jumatatu, kabla mabasi ya njano hayajafika,
napanda ngazi na gombo la karatasi ya kahawia
nizibe kuta za darasa la tatu.
Naziba jedwali la kuzidisha, saba mara nane na ndugu zake.
Naziba ramani ya Nebraska, na mto Platte
uliopakwa krayoni ya buluu na mtoto
asiyejua mto huishia wapi: umevuka mpaka,
umeingia kwenye fremu.
Naziba hata kalenda, maana tarehe nayo ni jibu.
Amri imetoka Lincoln: kuta zisinong'one.

Mimi ni mfagizi. Funguo thelathini na moja kiunoni,
miaka kumi na tisa katika shule hii,
na kila Aprili nageuka mfunga vitambaa machoni.

Bi. Novotny, mwalimu mkuu, amenipa mafuta ya bawaba.
Milango isilie. Kengele izimwe.
Mwaka jana tulipata rangi ya chungwa.
Ndivyo tunavyopangwa, kijani, njano, chungwa, nyekundu,
kama nyanya kwenye ukanda wa kiwanda,
ila hapa iliyoiva ndiyo inayotupwa.

Saa ya ukutani tu imeachwa itembee.
Iko nyuma dakika nne. Najua, kwa kuwa kuitengeneza ni kazi yangu.
Mwalimu Haldane alianza kwa saa ya mkononi
akamaliza kwa ile ya ukutani.
Nilimwona kupitia kioo cha mlango.
Sikusema neno.

Saa tatu na robo nikaitwa na ndoo.

Anselmo Pacheco, kiti cha tatu dirishani,
alikuwa ametapika juu ya mtihani wa serikali:
maziwa, vipande vya chapati ya mahindi,
na woga, ambao hauna rangi lakini una harufu.
Wenzake ishirini na mmoja hawakucheka.
Hilo ndilo lililoniumiza. Watoto wa miaka minane,
na hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Usisome," Bi. Novotny akaninong'oneza, "futa tu."
Nikafuta. Lakini jicho halina pazia,
na chini ya maziwa swali la kumi na saba liliniangalia:
Mwandishi anataka kutuambia nini?

Kijitabu hakitupwi. Kanuni ni kanuni.
Tulikitia kwenye mfuko wa plastiki, tukaufunga,
tukabandika namba, tukaandika saa,
mimi na mwalimu mkuu tukatia sahihi
kama mashahidi wa arusi.
Kikaondoka kwenda Lincoln pamoja na vilivyo safi.

Nilimpeleka mtoto chumba cha muuguzi.
Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya glovu yangu ya mpira.
Njiani akasema mara moja tu:
"Lile nilikuwa nalijua."

Ijumaa nikabandua karatasi.
Utepe uling'ang'ania, ukachuna kipande cha mto.
Saba mara nane ikarudi, hamsini na sita, pale pale,
kama mtu aliyekuwa bafuni.

Matokeo yalikuja Agosti. Tumepanda, sasa ni njano.
Kulikuwa na keki katika ofisi,
na mimi nilipewa kipande cha pembeni, chenye sukari nyingi.
Nikamuuliza Bi. Novotny habari za Anselmo.
Familia ilihamia Kansas mwezi wa Juni,
kiwanda cha nyama cha huko kinalipa senti arubaini zaidi.
Akapitisha kidole kwenye orodha, polepole,
akafika, akasimama.
Batili, akasoma.
Kisha akaisukuma keki yake kando.

Jana nilipanda ngazi, nikaisogeza saa ya darasa la tatu
mbele dakika nne.
Wenzake walizipata zile, wote ishirini na mmoja.
Zake bado ninazo.
Sijui nizitume wapi.