Chini ya Wikio

Nyumba ya wageni, Langoni, chumba cha juu.
Feni inazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata.
Kwenye kidaka, kati ya chupa ya marashi na betri zilizokufa,
nilikuta kijitabu cha hadithi fupi
kimeshonwa kwa uzi wa kofia.

Mimi ni mwalimu. Kondoa, darasa la saba.
Hata likizoni kalamu nyekundu hunifuata.
Ukurasa wa kwanza: "ndiya". Nikakata, nikaandika njia.
"Mayi." Nikakata. "Moya." Nikakata.
Nikasema moyoni, mchapaji huyu alilewa usingizi.

Hadithi yenyewe ya mtu na nduguye, Mwanakheri na Zena:
nyumba mbili, uchochoro katikati,
na wikio juu yake, chumba kinachovuka ndiya,
njia, nilisema njia,
ili wanawake watembeleane bila kukanyaga mtaa.
Waligombea sinia la mama yao.
Zena akaita fundi, mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa.
Miaka kumi na minane wanasikilizana wakikohoa.

Ukurasa wa mwisho haumo.

Asubuhi nikashuka kutafuta mkate wa mofa.
Punda watatu na madumu yao wakanibana ukutani,
na sauti ya mwanamke ikateremka kutoka dirishani:
"Ndiya hiyo, mgeni! Wapishe punda wa mayi!"

Nikaganda kama mwanafunzi aliyeshikwa akinakili.
Maneno niliyoyakata yalikuwa yanapita mtaani,
mazima, yana haraka, yananilowesha viatu.

Juu yangu, wikio. Dirisha dogo, pazia la buluu.
Nikamuuliza Lali, mwenye punda, kama ndilo lenyewe.
Akacheka. "Lenyewe la nani? Kila wikio lina Zena wake."
Akafunga kamba ya dumu, akaifungua, akaifunga tena.
"Ila hilo, ukuta wake wa ndani ulipasuka kwa mvua za mwaka jana.
Mpaka leo hakuna aliyeita fundi."

Usiku nilijaribu kufuta wino. Haufutiki;
karatasi inachubuka tu.
Palipong'oka ukurasa wa mwisho sikugusa.
Ndani ya jalada nikamwandikia atakayekuja:
Usiamini nyekundu. Msahihishaji alikuwa bado hajafika Lamu.
Nikajipa alama, tatu kwa kumi,
nikakirudisha kidakani, karibu na marashi,
nikashuka ngazi, koo limekauka,
kuomba mayi.