Spana Namba Thelathini na Sita

Mkataba unasema: miaka elfu moja.
Kwa tarakimu, na tena kwa maneno,
ukapigwa mhuri mjini Leh siku ya vumbi,
na mtu wa bima akacheka mpaka akavua miwani.
"Mhandisi Lhadol, bolti zako zina dhamana ya miaka mingapi?"
Ishirini na mitano.
"Basi mnunulie Maitreya wako mara arobaini."

Sikucheka. Hesabu hiyo nilishaipiga usiku,
peke yangu, kalamu mdomoni.

Huku Zanskar zege lina miezi minne tu ya kuzaliwa.
Ukichelewa kulimimina, baridi hulipasua
kabla halijajijua kuwa ni jiwe.
Tulilifunika kwa magunia, juu yake mablanketi ya sufu,
tukaamka saa nane za usiku kulipima joto,
hata Norzom wa jikoni akanuna:
"Wanangu watano sikuwalea hivi."

Vipande vya shaba elfu mbili mia sita na kumi na moja,
kila kimoja na namba yake tumboni,
vilipanda mlima kwa malori, theluji ikiwa magotini.
Kikakosekana kimoja. Kope ya kushoto.
Siku kumi na tisa Buddha ajaye
alilitazama bonde kwa jicho moja,
na kwenye lile shimo jingine
njiwa wakaanza kuleta vijiti.

Kisha mishahara ikachelewa wiki sita.
Wafadhili wa mbali walituma salamu, hawakutuma hawala.
Budhni Hansda, aliyetoka Dumka kuja kubeba mchanga,
aliweka karai chini.
Hakupiga kelele. Aliketi juu ya mfuko wa saruji,
wanawake kumi na wanne wakaketi naye,
na mashine ya zege ikazunguka tupu,
krr, krr, kama mtu anayetafuna bila chakula.
Nilitazama timazi yangu ikining'inia,
imenyooka sawasawa,
nikaona haya.
Siku ya tatu niliuza gari.
Jasho la mtu halikopwi ili kujengwa huruma.

Mtawa mweka hazina, Jamphel,
kijana wa mafua yasiyokoma,
alinijia na daftari lake la madeni:
"Tunafundisha kwamba hakuna kidumucho.
Kwa nini hiki kidumu?"
Nikamwambia: "Ndiyo maana nimekata mlango."

Uko nyuma ya bega, mdogo, wa kupita kwa ubavu.
Ndani, ngazi ya vipago mia mbili na kumi na viwili,
na hakuna kiungo hata kimoja
ambacho mkono wa mtu haukifikii.
Chuma hakidumu. Kinachodumu ni kukazwa.
Ufa usiofikika hauzibwi;
husubiriwa tu.

Nilitaka kumwachia barua huyo atakayekuja.
Kwa lugha gani?
Hata Kiladakhi changu hiki
bibi wa bibi yangu angekisikiliza akikunja uso.
Nikachora ukutani, kwa patasi:
mkono. Nati. Mshale wa kuzungukia.
Tone la mafuta.
Theluji kumi, halafu mkono tena.
Chini yake nikatundika spana kwa mnyororo,
nimeipaka grisi, nimeifunga kitambaa
kama mtoto wa siku saba.

Oktoba, kabla ya njia kufungwa,
Budhni aliomba kupanda.
Alipanda na viatu vya mpira, akihema,
akasimama pale moyo ungekuwapo,
akaitazama michoro kwa muda mrefu.
Sikumweleza kitu.
Akafungua kitambaa, akaijaribu spana,
akalegeza nati moja,
akaikaza.
"Hii ilikuwa imelegea kidogo," alisema,
akajifuta mikono kwenye sari,
akashuka. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi.

Nilibaki na tochi na daftari la ukaguzi,
kurasa zake zote nyeupe.
Nikaandika tarehe.
Nikaandika jina lake, kwa herufi kubwa,
kisha nikaikagua ile nati.
Alikuwa amesema kweli.